Msimamizi Niliyemteua Nyasho

Siku mliyoniaga mlinipa sanduku la kusafiria lenye magurudumu, kubwa kiasi cha kuingia mtu mzima akijikunja. Nilishukuru, nikapiga nalo picha, nikarudi nyumbani nikilikokota kwenye changarawe huku majirani wakiniuliza nahamia wapi. Sihami. Nipo hapa hapa Musoma, na sanduku sasa linatunza mbegu za mahindi. Ila kwenye zile hotuba zenu mmoja aliniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ustawi wa jamii, hasa kesi za vijana, ili msirudie makosa yangu. Nimekubali, ingawa nawajua. Makosa yangu mtayarudia, tofauti ni kwamba ninyi mtayarudia kwa kompyuta.

Niliripoti kazini Jumatatu moja nimevaa viatu vya kisigino kirefu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, kabati lisilofungika na Mzee Magesa. Mzee Magesa alikuwa mwenyeji wa Butiama, mfupi, mkali, na ndiye aliyepewa kazi ya kunifundisha. Alinitazama miguu kabla ya uso, akaniuliza kama hivyo viatu vinaijua Nyasho. Nilimjibu kwa majivuno kwamba nimeisomea kazi hii miaka mitatu. Akasema vizuri, na viatu navyo vilikaa darasa gani? Kufika saa sita mchana nilikuwa natembea pekupeku kwenye mitaa ya Nyasho, viatu mkononi, na watoto wakinisindikiza.

Nilikuja na fomu yangu mwenyewe niliyoibuni chuoni. Ilikuwa na maswali arobaini na mawili, na la kumi na nne liliuliza kama mtoto ana marafiki wabaya. Wiki ya tatu walinijia akina mama watatu wa mtaa mmoja, kila mmoja na kijana wake aliyeanza kuvuta bangi na kutoroka shule. Wa kwanza alisema mwanawe anaharibiwa na mtoto wa yule wa pili. Wa pili akasema wa kwake anaharibiwa na mtoto wa yule wa tatu. Wa tatu alikuja na Biblia, akaapa kwamba mwanawe alikuwa malaika mpaka alipokutana na mtoto wa yule wa kwanza. Nilipanga mafaili matatu mezani nikayakodolea macho. Mzee Magesa akasimama nyuma yangu, akasoma yote, akaniambia basi nikamtafute huyo mbaya wa nne. Nilimtafuta kweli, siku mbili nzima.

Mzee Magesa hakuwa na fomu. Alikuwa na daftari la shule, kalamu iliyofungwa uzi kwenye kifungo cha shati, na soksi za akiba mfukoni kwa ajili ya matope ya masika. Alinifundisha kwamba ukiingia nyumba ya watu usikae kwenye kochi. Unaomba kigoda, unakiweka mahali unapouona mlango wa mbele na wa uani kwa pamoja, kwa sababu kijana unayemtafuta atatokea mmojawapo. Chai ya kwanza kataa, ya pili kubali, na katikati ya hizo mbili ndipo watu wanaposema ukweli. Kompyuta iacheni ofisini. Mama akiiona anaanza kuongea Kiswahili cha redioni na hutapata kitu. Mzee alistaafu kabla sijamwelewa vizuri, akarudi Butiama kwa ng'ombe wake, na mimi nikabaki na fomu.

Sasa sisi watu wa Mara tuna dawa moja tunayoiamini kuliko za hospitali. Kijana akiharibika mjini, mpeleke kwa mjomba akachunge ng'ombe. Ng'ombe atamnyoosha. Wanaoamini hivyo ni pamoja na watu wanaomjua mjomba mwenyewe na jinsi alivyopinda. Mimi ndiye niliyekuwa naandika barua za kuwasafirisha, na niliziandika kwa moyo wote. Mtaa ndio mbaya, nilijiambia, basi mtoe mtoto mtaani. Lilionekana jambo rahisi.

Hapo ndipo anapoingia Bwire. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mpole, na kicheko cha kukusahaulisha ulichokwenda kumgombeza. Baba yake alishafariki. Mama yake alikuwa anakaanga sato na kuuza sokoni, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Katika saa hizo za katikati Bwire alivuta bangi, alikosa shule, na alikuwa ameanza kufungua makufuli yasiyo yake. Mjomba wake aliishi Mugeta, kule Bunda, analima pamba na kufuga. Nilimhoji kwa simu kwa fomu yangu. Swali la ishirini liliuliza kama mazingira ya huko yana bangi, naye akaapa kwa jina la mama yake kwamba hata jani moja halipo. Niligonga muhuri, Bwire akaondoka na mfuko wake wa nguo.

Baada ya miezi mitatu mjomba alinipigia. Kijana hajagusa bangi tangu afike, amenenepa, anaamka mapema, kazi anaifanya bila kusukumwa. Nilifurahi mno. Niliingiza habari hiyo kwenye taarifa ya robo mwaka, nikaitaja kikaoni, na mgeni mmoja aliyekuja kukagua kazi zetu akasema angependa kumwona kijana huyo kwa macho yake. Tukaenda Mugeta na gari la ofisi, mgeni, mpiga picha na mimi. Njiani nilikuwa naeleza mbinu zangu.

Bwire alitupokea kwa adabu zote, akatupitisha nyuma ya zizi hadi kwa bibi yake, na hapo tukakuta mtambo wa gongo unachemka. Bwire ndiye alikuwa msimamizi. Alitueleza kazi ya pipa, ya mrija na ya maji ya baridi, hatua kwa hatua, kwa sauti ya kujiamini ambayo shule haikuwahi kuisikia. Mpiga picha aliendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Mgeni aliuliza maswali mawili, na la pili lilikuwa la mtu mzoefu.

Nilimgeukia mjomba. Hakuonyesha aibu hata kidogo, alionekana kama mtu anayetuhumiwa bure.

"Mama Ustawi, wewe uliniuliza bangi," alisema. "Bangi hapa hakuna. Hii tunapikaga tangu babu. Mimi mwenyewe imenisomesha."

Fomu haikuwa na swali la gongo, kwani nilipoitunga nilikuwa nawaza vijana wa mjini tu. Niliruka majivu nikakanyaga moto, tena nikapiga na picha. Mwenzangu mmoja alijaribu upande wa Kisorya, akampeleka kijana kwa shangazi, na baada ya miezi miwili kijana akarudi anatafuna mirungi na anaijua ratiba ya kivuko kwa kichwa. Tulikuwa tunawahamisha vijana kutoka kitu hiki kwenda kitu kile, halafu tunaandika kwamba tumewaokoa.

Nilimrudisha Bwire Musoma. Hazikupita wiki tatu akakamatwa na wenzake ndani ya kibanda cha mtu, mikononi ana chaja za simu na mdomoni ana biskuti. Safari hii ilifika mahakamani. Hakimu alinipa wiki mbili nipeleke taarifa ya kijamii. Kama mtaani pangekuwa na mtu mwaminifu wa kumsimamia, kijana angebaki nyumbani chini ya uangalizi. Kama hayupo, angekwenda shule ya maadilisho, mkoa wa mbali, ambako mama muuza samaki hawezi kwenda kumwona mwanawe. Kila kitu kilingoja kalamu yangu.

Mama Bwire alikuja ofisini akitoka sokoni, aproni bado kiunoni. Nilimwonyesha benchi, hakukaa.

"Kwenda Mugeta ni wewe ulimpeleka," aliniambia taratibu. "Sasa mtoto yangu usimpeleke tena mahali."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nilikwenda Butiama. Nilimkuta Mzee Magesa zizini na pampu mgongoni, anawanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Hakuniuliza habari za safari. Alinipa mkia wa ng'ombe nishike, nami nikamsimulia habari yote nikiwa nimeushika. Nilipofika kwa mgeni na swali lake la pili alicheka mpaka ng'ombe akanitoka. Kisha akaniuliza kama nimeshatembea njia ya kijana yule. Nikamuuliza njia ipi.

"Ya shule," alisema. "Saa ile anayokwendaga yeye, siyo saa ya ofisi. Mtoto hakaagi kwenye faili, anakaaga njiani. Hesabu watu wazima wanaomwita kwa jina."

Jumatatu asubuhi nilivaa raba, nikaongozana na Bwire kutoka mlangoni kwao Nyasho. Alikuwa na haya ya kuonekana na mimi, kwa hiyo alitembea hatua tatu mbele. Mwenye duka wa jirani alipomwona aliingiza ndani boksi la biskuti. Mzee wa kanisa wa nyumba ya tatu alinisalimu mimi kwa heshima kubwa, akaniulizia familia, na Bwire akampita kana kwamba ni nguzo ya umeme. Fundi cherehani alijigeuza na kiti chake. Mwalimu wa Bwire, ndiyo, mwalimu wake mwenyewe, alitupita na pikipiki akanipigia honi mimi. Nikawa natia alama daftarini, watu wazima ishirini, na hakuna aliyetamka jina lake.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya shule palikuwa na kibanda cha karanga cha Bibi Nyangeta, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu upande wa pili wa soko. Alimwita Bwire kabla hatujafika. Alimuuliza kama amekula. Alimvuta, akamlazia kola vizuri, akamfungia karanga kwenye karatasi, akataka kuuona ule mguu aliojikata wiki iliyopita kama umekauka. Mimi sikuwa najua kwamba alijikata mguu. Kisha akaniona mimi na daftari, na kwa haraka akafunika kapu lake la pili kwa khanga. Nyasho nzima ilijua kapu la pili lina nini.

Nilisimama pale kengele ya shule ikilia. Umbali wa dakika kumi na tano, na mtu mzima pekee aliyemjua kijana yule kwa jina alikuwa ndiye anayemuuzia bangi. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani kwanza. Miaka yote tumewahubiria wazazi kwamba vijana hufuata watu wabaya. Bwire alikuwa anamfuata anayemuuliza kama amekula.

Niliitisha kikao cha majirani kwenye ofisi ya mtaa. Niliandika barua kumi na sita na kuzipeleka mwenyewe mlango kwa mlango. Saa nne kamili alikuwepo mtu mmoja, Bibi Nyangeta, kavaa kitenge cha kanisani. Nilikuwa nimempa barua kwa sababu kibanda chake kiko njiani, sikutegemea aje. Kufika saa tano walikuwa wameongezeka mwenyekiti wa mtaa, mwenye duka, mama Bwire na mzee wa kanisa, na waliobaki walituma udhuru. Mzee wa kanisa alifungua kwa kusema samaki mkunje angali mbichi. Kwenye vikao vya vijana usemi huo haukosekani, na ni wa watu wasiokaanga samaki.

"Ukimkunja mbichi halafu ukamwacha, anakunjukaga mwenyewe," mama Bwire alisema. "Inabidi ukae naye mpaka akauke."

Nikauliza nani atakaa naye. Kazi yenyewe ni ndogo, nilisema, kumwona kijana kila siku, kuweka sahihi kwenye daftari, na kuniambia akiyumba. Mwenye duka alikumbuka kwamba ana mgeni njiani. Mzee wa kanisa alisema atamwombea. Mwenyekiti alianza kueleza majukumu ya mwenyekiti. Mama Bwire alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nilianza kuiona sentensi nitakayoiandika kwenye taarifa, kwamba mtaa hauna mtu.

Bibi Nyangeta akanyoosha mkono. Watu wakakohoa.

Nilimvuta pembeni. Hakunipa nafasi ya kuanza.

"Najua unataka kusema nini, mwanangu," alisema. "Mimi siyo mtu mzuri. Lakini hao wazuri umewaona. Huyo mtoto akipelekwa mbali, mimi ndiye nitajua kwamba hajapita."

Nikamwambia basi Bwire asipate hata chembe kutoka kapu la pili. Akaniahidi. Nikamuuliza na vijana wengine je. Akasema tuanze na huyu. Nilizunguka ofisi ile mara mbili nikiwaza kazi yangu, kisha nikakumbuka mkia wa ng'ombe na kicheko cha Mzee Magesa, nikaandika jina lake.

Mahakamani hakimu alisoma taarifa, akaniuliza msimamizi anafanya shughuli gani. Nikasema, karanga, mheshimiwa. Hakimu yule alikuwa mwenyeji wa Musoma. Alinitazama juu ya miwani kwa muda, kisha akaandika neno karanga polepole, herufi moja moja. Sikusema uongo, nilisema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ilinikosesha raha miezi mingi. Naikiri leo kwa sababu mmeshaniaga na hamwezi kuniandikia barua ya kujieleza. Ninyi msifanye hivyo. Mwambieni hakimu yote, akatae au akubali yeye. Bwire alipewa miezi sita ya uangalizi, na mama yake alitoka nje, akaketi ngazini, akalia bila kujificha.

Barua ya uteuzi yenye muhuri Bibi Nyangeta aliitia kwenye plastiki, akaitundika mbele ya kibanda. Mimi, kwa hasira zangu, nilikuwa nimependekeza pia mashahidi wawili wa kukagua daftari kila wiki, na niliwachagua mzee wa kanisa na mwenye duka. Nilitaka tu wasumbuke. Wiki ya kwanza mzee wa kanisa alikuja amenuna. Wiki ya pili aligundua karanga ni nzuri. Kufika wiki ya nne alikuwa anakuja kila siku na Biblia yake, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Bwire akitokea anamwita kwa jina ili asionekane mzembe mbele ya Bibi. Mwenye duka naye hakutaka kupitwa. Mwenyekiti alihamishia muhuri wake pale, kwa kuwa ndipo watu walipokuwa wanapatikana. Mwalimu akaanza kusimamisha pikipiki. Jumatano nilikuwa nakuja mimi na kigoda.

Sasa fikirieni mteja wa kapu la pili. Anakuja zake, anakuta mzee wa kanisa kwenye ndoo, mwenyekiti na muhuri, mwalimu wake wa hesabu, na afisa ustawi wa jamii ameshika daftari. Bibi Nyangeta anamuuliza kwa sauti anataka nini. Wote walitaka karanga. Sijawahi kuona mtaa ukila karanga namna ile. Kwenye taarifa yangu niliandika kwamba ulikuwa mkakati shirikishi, na mgeni yule yule wa Mugeta aliusifu. Haukuwa mkakati, ilikuwa ni hasira zangu na uvivu wa mzee wa kanisa wa kurudi nyumbani.

Bwire hakugeuka malaika. Aliteleza mara mbili katika miezi ile, na mara zote mbili Bibi Nyangeta alimfuata huko huko kijiweni, akamshika sikio mbele ya wenzake, akamrudisha shuleni kwa mguu. Anayeuliza yuko wapi leo, ana karakana ya kuchomelea pale Bunda mjini, anatengeneza mageti ya chuma. Wateja wanamsifu kwa makufuli yake, na mimi najinyamazia.

Siku uangalizi ulipokwisha nilikuwa ofisini najaza fomu ya kufunga kesi. Bibi Nyangeta aliingia bila hodi, akatua kapu la pili mezani kwangu. Lilikuwa tupu. Akaanza kunisema. Nimemharibia biashara. Nimemletea wazee wanaokaa kutwa na kula bila kununua. Vijana wanamwamkia toka mbali na kukimbia. Hata akitaka kurudia mambo yake ya zamani, atayarudia vipi na mzee wa kanisa yuko juu ya ndoo? Nilitafuta maneno ya kumwomba radhi.

Alipomaliza alikaa kwenye benchi. Alivuta pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Bwire amemaliza," alisema. "Anapita, anasalimu, anakwenda zake. Asubuhi siku hizi naangaliaga barabara tu."

Nikamwambia amefanya kazi kubwa, na serikali inamshukuru. Hakuijali serikali. Alikuwa analitazama lile kabati lisilofungika, lenye mafaili yanayochungulia nje.

"Nipe mwingine," alisema.

Nilisimama nikaanza kupekua, natafuta kijana mmoja mpole, asiyemsumbua sana. Bibi Nyangeta alinitazama kidogo, akanyanyuka, akanisogeza kando.

"Siyo huyo," alisema. "Nipe yule aliyekushinda."